Fundi, mimi naenda vitani siyo kwenye sendofu

Jamani mafundi cherehani, sisi tumewakosea nini? Nauliza kwa upole kabisa maana mimi ni mtu mzima, nina staha zangu, nina chaneli yangu YouTube ya gemu na anime, zile katuni za Kijapani, na watu wananiita dada (wengine kwenye komenti wananiita vingine, hao tuwaache kwanza), sasa leo nimetoka kwa fundi na mfuko wa rambo mkononi na kilichomo ndani ya huo mfuko sijui nikiite nini.

Niliwaahidi mashabiki wangu kosplei, yaani navaa na kujipamba nifanane na mhusika wa anime. Mhusika simtaji, nikimtaja tu vijana watakuja kunibishia nani ana nguvu kuliko nani na hatutalala. Mjue tu ni binti wa kivita, ana ngao kifuani, bega moja la chuma, joho jekundu la kuburuza, nywele za bluu. Ngao haikunipa shida, unachukua ile mikeka ya sponji ya mazoezi, unakata, unaipasha moto mpaka ikae shepu, gundi ya viatu, rangi ya kupuliza ya magari kutoka Gerezani, ukimaliza mtu akiiona anadhani bati. Nywele ni rasta. Fundi kazi yake joho, hilo bega, na nguo ya kuvalia ndani ya joho basi. Kitambaa nimekinunua mwenyewe Kariakoo, vipimo kachukua, picha nimemtumia WhatsApp, akajibu "sawa sister".

Ahadi za fundi mnazijua. Alhamisi ikawa Jumamosi, Jumamosi akawa na msiba, halafu umeme ukakatika, na cherehani yenyewe ni ya kukanyaga kwa miguu, sijui umeme unamsaidia nini labda kuona haya.

Leo nafika, benchi limejaa akina mama wa kamati ya sendofu wanasubiri sare zao. Fundi ananitolea gauni. Gauni! Jekundu, limemwaga chini, mikono ya puto, kiunoni ua kubwa kama sahani ya pilau. Nikamwambia fundi, joho langu liko wapi? Akasema joho lingekufunika bure, dada mzuri kama wewe ujifunike unamkimbia nani, nimelifanya marinda. Na bega la chuma je?

"Si hilo puto hapo. Na la upande wa pili nimekuongezea bure, kwenye picha walisahau."

Walisahau!

Nikafungua simu nimwonyeshe picha upya, mama mmoja akainyakua. "Huyu mtoto macho yamemtoka hivi, kaona nini?" Mwenzake akasema hiyo filta. Wa tatu anataka kujua hizo rasta kasukia wapi. Simu ikazunguka benchi zima mpaka kwa kijana mmoja wa bodaboda, suruali yake iko kwenye cherehani inapunguzwa, mwenyewe kajifunga kanga ya kuazima. Huyo akamtambua binti wangu papo hapo, nikajua Mungu kanishushia mtetezi. Akanikagua juu mpaka chini. "Dada, hii anime unaijua kweli au umeiona tu TikTok? Haya taja, kaka yake alikufa sehemu ya ngapi?"

Yaani mimi. Ambaye naihariri usiku wa manane watu wamelala. Nafanyiwa mtihani na mwanaume aliyevaa kanga, na hiyo kanga imeandikwa mambo ya wivu!

Nikamwambia hana kaka, yule ni binamu yake, na hajafa. Akakaza kanga yake akaangalia barabarani.

Basi nikaona hapa niongee kistaarabu kama mwalimu. Nikawaambia wazee wangu, haya mavazi hayajaanza na mimi, mwaka 1939 kule New York kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi kuna dada anaitwa Myrtle Douglas, alishona mavazi ya watu wa siku zijazo, lake na la mwenzake Forrest Ackerman, wakaingia nayo ukumbini na majoho yao, na kwa miaka mingi sifa zikamwendea mwanaume. Benchi zima likaguna kwa pamoja, hapo nimeeleweka. Fundi akaacha kukanyaga. "Huyo dada alitumia cherehani gani?" Sijui fundi. "Maana kama ni ya miguu nampa heshima yake. Ila mimi nashonea watu, sishonei michoro. Huyu wako kachorwa, hana nyonga, wewe unazo, lile nguo lisingepita."

Wakacheka mpaka mmoja akadondosha soda. Staha ikaniishia pale pale, nikapiga kelele fundi nirudishie kitambaa changu, kitambaa gani sasa wakati kimeshakuwa ua? Mwenyekiti wa kamati akaniuliza taratibu, mwanangu kama hulitaki si utuuzie, rangi yetu ni hiyo hiyo. Nikamkatalia kwa hasira tu na bei alikuwa ametaja nzuri.

Nyumbani mama anasema katuni ni za watoto, tamthilia za Kituruki mwenyewe hakosi hata moja. Kwenye komenti kuna kaka kila video anauliza skripti ananiandikia nani. YouTube ili wanilipe hela ya matangazo wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, shangazi yangu ananisaidia, anaifungulia video iimbe peke yake akiwa jikoni anakaanga samaki. Marekani Felicia Day mwaka 2007 aliandika na kuigiza mwenyewe tamthilia yake ya mtandaoni kuhusu wacheza gemu, hela ikakata njiani, watazamaji wakamchangia mpaka msimu wa kwanza ukaisha. Mimi nikiweka namba ya kuchangia wananirudishia kadi ya mchango wa harusi, singo hamsini elfu, dabo laki.

Na sasa hivi nataka kurekodi hivyo hivyo na puto langu, nawasha taa ya duara, kumbikumbi wote wa mtaa wanaiona, mwenye nyumba naye anaiona, anagonga mlango anasema uniti zinaisha haraka kwa sababu yangu na kompyuta yangu, nichangie LUKU mara mbili. Taa yenyewe ya kuchaji! Kuna mtu chumba cha mwisho ana friji inanguruma usiku kucha, anagandisha barafu za kuuza shuleni, huyo hagongewi, huyo anaitwa mjasiriamali, na buku tano yake ya mwezi uliopita mpaka leo hajatoa.