Ngiri Yangu Haina Cheti cha Kuzaliwa

Mie kilichoniponza ni mdomo wangu. Ngiri yenyewe haina makosa makubwa.

Watu wa Mombasa mwajua tulivyo. Umeswali na mtu Ijumaa bega kwa bega, Jumatatu mwakutana Marikiti: "Yakhe, siku nyingi!" Sasa daktari kaniminya kinena, kaniambia nikohoe, kisha kaniuliza, "Hii imekuanza lini?" Nami, kwa adabu tu, nikamjibu, "Aa, daktari, siku nyingi."

Akaandika. Tena kwa Kizungu, na Kizungu hakijui utani.

Ngiri ni kitu kidogo ukielezwa. Utumbo umepata upenyo, unachungulia. Nikilala unarudi ndani kimya kimya. Nikisimama foleni ya feri Likoni unatoka kunisindikiza. Dawa ya kumeza hakuna, ni kisu tu: wanaurudisha, wanatia kiraka cha wavu, wanashona. Nikapangiwa Jumanne. Hospitali ikapeleka maombi ya idhini kwa bima, mie nikalala na njaa kama nilivyoambiwa, hata kahawa chungu ya alfajiri nikaipita hivi hivi, na yule muuzaji anazigonga zile kopo zake kusudi.

Saa nne asubuhi nimekaa na lile gauni lao la mgongo wazi, nimelishika nyuma kwa mkono, akaja binti wa dirisha la bima. "Baba, pole. Wamekataa."

Sababu? Ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima. Kazini walituhamishia kampuni mpya Januari, na hao wapya wanataka ugonjwa uliozaliwa Januari kuja huku. Ushahidi wao: siku nyingi.

Mshahara wangu unakatwa asilimia 2.75 ya SHIF, sawa, hiyo ni bima ya afya ya serikali na kila mwajiriwa anakatwa. Hii ya kazini ndiyo iliyokuwa ya kuringia. Kadi yake nilikuwa naitoa mpaka kwa kinyozi, kama kwamba naitafutia chenji.

Nikapiga simu. Nikauliza, "Na utumbo ukinasa huko nje, usirudi tena?"

"Hiyo itakuwa dharura, mzee. Dharura tunaiangalia kivyake."

Mwaona? Nikienda kwa miguu yangu, mzima, nimeoga, mie si mgonjwa. Ningoje utumbo unyongeke, nibebwe kwa tuktuk usiku nikilia kama mbuzi wa Idi, hapo ndipo nitawaridhisha. Basi nikaambiwa nilete barua ya daktari yenye tarehe kamili. Tarehe! Ngiri haikubisha hodi nikaiandika kitabuni.

Lakini nikajikuna kichwa, nikaipata. Machi, siku tuliyopandisha friji ya mama mkwe Majengo, orofa ya tatu, lifti hakuna. Mie nilikuwa chini, shemeji juu anasema "polepole, polepole", na kitu kikafanya *pwa*. Machi inakuja baada ya Januari. Nikamchukua mama watoto twende kwa daktari awe shahidi.

Nikaeleza vizuri. Friji, ngazi, shemeji, *pwa*. Daktari keshashika kalamu. Mama watoto akajifunga leso upya, akanitazama.

"Friji ya mamangu ina nini? Usimsingizie mamangu! Daktari, huyu bwana hiyo kitu alikuwa akiishika-shika tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Nikimwambia nenda hospitali, ati ni gesi ya mbaazi."

Daktari akaiweka kalamu chini. Taratibu.

Rufaa nimepeleka vivyo hivyo, bila barua, na maelezo yangu mwenyewe kurasa mbili, friji nimeiita "mzigo mzito". Jana wakanipigia. Kijana ana sauti ya asali: maombi yako tumeyapokea, mzee, yanashughulikiwa.

"Jibu ni lini, mwanangu?"

"Haitachukua siku nyingi."