Florida iwaambie kwanza wanadaiwa nini

Novemba 2018 wapiga kura wa Florida, jimbo la Marekani, waliulizwa kama mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, akishamaliza adhabu yake, arudishiwe haki ya kupiga kura. Wenye hatia ya mauaji na makosa ya ngono hawakuhusika. Waliobaki walikadiriwa kuwa milioni 1.4. Desmond Meade, ambaye naye aliwahi kufungwa, alikuwa mstari wa mbele kuipigania hoja hiyo.

Ilipita kwa karibu asilimia 64.5, wakati katiba ya jimbo inataka 60. Siku hiyohiyo Ron DeSantis wa chama cha Republican alichaguliwa gavana kwa kura milioni 4 na ushei. Hoja ilipata zaidi ya milioni 5. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba huo ulikuwa mradi wa chama kimoja.

Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo walipitisha sheria, gavana akatia saini: hupigi kura mpaka ulipe faini, ada za mahakama na fidia zote ulizoandikiwa kwenye hukumu. Hapo ndipo ninapochukia hasa. Florida ina kaunti 67, kila moja na karani wake wa mahakama, na haikuwa na daftari moja la kumwonyesha mtu deni lake lote. Unakwenda dirishani kulipa, kisha unaambiwa faili ni la zamani, au kiasi kilichomo hakilingani na cha ofisi nyingine.

Wala si maneno ya mtaani. Kesi ya kuipinga sheria hiyo ilipofika mbele ya jaji wa shirikisho Robert Hinkle mwaka 2020, mtafiti mmoja na wanafunzi wake wa uzamivu walikuwa wamefuatilia rekodi za watu 153. Ni 3 tu ambao takwimu zao hazikugongana. Kama wasomi wenye muda na kompyuta wameshindwa, fundi rangi anayetoka kazini saa kumi na moja jioni atawezaje?

Hinkle aliona mfumo huo unavunja katiba, lakini Septemba 2020 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi wake, majaji 6 kwa 4, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais.

Kulipa deni sipingi, hasa fidia ya aliyeumizwa. Ninachotaka ni kwamba jimbo limpe mtu karatasi yenye kiasi kamili ndani ya muda uliowekwa. Likishindwa, jina lake liingie kwenye daftari la wapiga kura, na deni liendelee kudaiwa kama madeni mengine.