Arsenal na kona: wapinzani wanatucheka kwa kitu kisicho tatizo

Arsenal ikifunga kwa kona, mashabiki wa timu nyingine wana wimbo mmoja tu: hawa hawachezi mpira, wanavizia mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Mimi ni wa Washika Bunduki, yaani shabiki wa Arsenal, na kejeli hiyo hainisumbui hata kidogo. Bao ni bao. Kinachonikosesha raha ni kwamba timu ya kocha Mikel Arteta imejua kutofungwa kuliko inavyojua kummaliza mtu aliyekwisha kuyumba.

Hizo kona zenyewe wanaozibeza mara nyingi hawazitazami. Tangu Nicolas Jover aje kama kocha wa mipira iliyokufa mwaka 2021, hakuna kinachoachwa kwa bahati. Declan Rice anapiga ya kushoto kwa mguu wa kulia, Bukayo Saka anapiga ya kulia kwa mguu wa kushoto, zote zinapinda kuelekea golini. Wachezaji wanajazana upande wa mlingoti wa mbali, mabeki wanawafuata. Mpira unapopigwa, kundi lote linakimbilia mbele ya goli kwa pamoja. Mmoja kazi yake ni kusimama njiani kwa kipa, mpira hata hautaki. Beki Gabriel anachelewa nusu hatua kwa makusudi, anakuta nafasi iliyoachwa wazi, anapiga kichwa. Ndivyo tulivyowafunga Tottenham ugenini Septemba 2024. Desemba mwaka huo Manchester United walilala 2-0 pale Emirates, uwanja wetu, mabao yote ya kona, la Timber na la Saliba. Huo ni mpira uliofanyiwa kazi mazoezini kama pasi za kiungo zinavyofanyiwa.

Wakosoaji hata hivyo wana hoja moja isiyopuuzwa: kona zinaziba ufa. Msimu wa 2023/24 tulifunga mabao 91 na kupata pointi 89, tukawa wa pili nyuma ya Manchester City. Msimu uliofuata tukawa wa pili tena, safari hii kwa mabao 69 na pointi 74. Mabao 22 yalikwenda wapi? Kona tuliendelea kufunga. Kilichokauka ni mabao ya mchezo wa kawaida, hasa dhidi ya timu zinazorudi nyuma na kupaki basi.

Jibu la haraka la wenzangu ni majeruhi, na si uongo. Mchezeshaji wetu Ødegaard alikosekana mwanzoni mwa msimu. Saka aliumia paja Desemba 2024, Jesus akaumia goti Januari, Havertz akafuata Februari, mpaka Mikel Merino, kiungo wa watu, akavishwa kazi ya namba tisa, mshambuliaji wa kati. Akaifanya vizuri kuliko wengi tulivyotegemea. Lakini ligi ile tulitoa sare 14, na 6 kati yake zilikuja kabla Saka hajaumia. Mbili tunaweza kuzisamehe kwa sababu ya kadi nyekundu, ile ya Rice dhidi ya Brighton na ya Trossard pale Etihad, kwa Manchester City. Nyingine je? Liverpool nyumbani tuliongoza 2-1, ikaisha 2-2. Chelsea ugenini tulitangulia, ikaisha 1-1. Januari, Aston Villa walikuja Emirates tukawa mbele 2-0, wakarudisha zote mbili.

Takwimu inayoniuma kuliko zote ni hii: Liverpool waliochukua ubingwa msimu huo walifungwa mechi 4. Sisi pia tulifungwa 4. Tena tuliruhusu mabao 34, wao 41. Kwa ulinzi tuliwazidi, na bado walituacha kwa pointi 10.

Kuna atakayenikumbusha kikosi cha kocha wetu wa zamani Wenger cha 2003/04, ambacho hakikufungwa hata mechi moja ya ligi, kilitoa sare 12 na kikabeba kombe kwa pointi 90. Kweli. Ila kile kilishinda mechi 26. Cha 2024/25 kilishinda 20. Sare si dhambi kama ushindi unatosha kuzifidia.

Kiangazi cha 2025 klabu ilisikia kilio. Wakaja mshambuliaji Gyökeres, mchezeshaji Eze, Madueke, Zubimendi na wengine. Halafu tukaenda Anfield, kwa Liverpool, mwisho wa Agosti na viungo watatu wa kazi, Rice, Zubimendi na Merino, Eze akianzia benchi. Tukafungwa 1-0 kwa faulo ya Szoboszlai ambayo hakuna mpango ungeizuia. Wiki tatu baadaye City wakaja Emirates, kiungo ni kilekile. Haaland akafunga mapema. Eze na Saka wakaingizwa kipindi cha pili, City ya Guardiola ikajifungia nyuma ikaishia kumiliki mpira kwa kama theluthi moja tu, na dakika za nyongeza Eze akampenyezea Martinelli pasi ya bao la kusawazisha. Dawa ilikuwa benchi tangu mwanzo.

Kwa haki ya Arteta, Oktoba ilimpa jeuri ya kujibu. Mechi 6 za mashindano matatu, zote ushindi, hakuna bao lililoingia, Atlético wakipigwa 4-0. Kocha gani angebadilisha kitu hapo? Novemba Eze akawapiga Tottenham mabao matatu peke yake katika ushindi wa 4-1.

Ila mwezi huohuo Sunderland walisawazisha 2-2 kwenye dakika za nyongeza. Chelsea walicheza wakiwa 10 tangu kabla ya mapumziko, wakatangulia kwa kichwa cha Chalobah kilichotokana na kona (naam, kona), tukaambulia 1-1. Mwanzoni mwa Desemba Villa wakatufunga 2-1 kwa bao la sekunde za mwisho. Saliba na Gabriel walikosekana mechi hizo mbili za mwisho, na bila wao ukuta ni mwingine kabisa. Nakubali. Lakini kutomshinda mtu aliyepungukiwa mchezaji kwa zaidi ya kipindi kizima halihusu mabeki.

Gyökeres analaumiwa mno, nadhani. Alikuja akijulikana kwa kukimbilia nafasi nyuma ya mabeki, sisi tunampa mpira akiwa ameshazungukwa ndani ya kumi na nane. Anahitaji pasi mapema, kabla wapinzani hawajajipanga, na wa kuzitoa ni Eze na Ødegaard. Wawili hao wanapangwa pamoja mara chache kwa kuhofia ulinzi. Kwa kikosi chenye Rice na Zubimendi nyuma yao, hofu hiyo siielewi. Dhidi ya Liverpool au City, sawa, tubane. Dhidi ya timu inayokuja Emirates kutafuta pointi moja, waanze wote wawili, na tukipata bao la kwanza mabeki wa pembeni waendelee kupanda hadi lije la pili.