Mvuvi wa Mbalamwezi

Kwa kuwa rafiki yangu mpiga picha amekwisha kulisambaza jambo hili lililonipata kwenye onyesho la video yetu hapa Kigoma kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, ambao hadi jana jioni ulikuwa umefika Mwanga, Ujiji na kwa shangazi yangu aliyeko Kasulu, nimeona ni heri nilieleze mwenyewe kabla halijavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo. Ninasahihisha mambo mawili tu. Kwanza, bibi hakunipiga kwa kanga. Aliipunga hewani, nami nikarudi nyuma kwa hiari yangu. Pili, sikulia. Taa ya projekta ilikuwa inanipiga machoni. Mengine yote aliyowasimulia, kwa masikitiko makubwa, ni kweli.

Ile video ya muziki mnaijua, maana nimewachosha nayo tangu mwezi uliopita: kazi yetu ya mwisho wa muhula, wimbo wa mapenzi uliotungwa na mwenzetu wa darasani, na kijana mvuvi anayemuaga mpenzi wake ufukweni usiku, akaenda ziwani kumtafutia mahari, kisha akarudi alfajiri na ndoo ya dagaa. Kijana huyo nilikuwa mimi. Sikujichagua kwa ajili ya sura, ingawa upande huo pia sikuona kizuizi. Nilijichagua kwa sababu mimi peke yangu sikudai nauli.

Tulipiga picha Katonga, usiku wa mwezi mpevu. Ninaomba mlishike hilo, kwa kuwa ndilo lililonimaliza. Kamera ya chuo ni nzee, na gizani picha zake hujaa chengachenga kama televisheni ya zamani yenye antena iliyoanguka. Video ya fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde haiwezi kuipa kila fremu mwanga kwa zaidi ya 1/25 ya sekunde, hata ukiibembeleza vipi, na taa za kukodi zilikuwa nje ya uwezo wetu. Kwa hiyo nilikaa na kalenda, nikatafuta usiku ambao mwezi ungetufanyia kazi ya taa bila malipo, na nilipoupata nilijiona mtu mwenye akili nyingi. Maji yaling'aa kama bati jipya. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa nchi kavu, jambo lililonifurahisha zaidi, kwani hapakuwa na mtu wa kupita nyuma ya picha yangu. Sikujiuliza kwa nini wavuvi wote wa Katonga walikuwa wamelala.

Asubuhi yake nilikwenda sokoni kununua dagaa wa kuweka kwenye ndoo. Dagaa wabichi hawakuwepo. Nilizunguka meza baada ya meza, na kila mama aliniambia hakuna, nami sikujiuliza tena. Nilinunua wakavu. Mpiga picha alisema kwa mbali hakuna atakayeona tofauti.

Mwalimu wetu alikuwa ametuagiza tuonyeshe toleo la awali kwa watazamaji, tukusanye maoni yao, turekebishe video kwa maoni hayo, ndipo tukabidhi. Alitoa masharti ambayo niliyaandika kwa wino mwekundu: ulizeni maswali yasiyomwelekeza mtu kwenye jibu, wakisema, nyamazeni, andikeni hata lile linalouma, na kwa vyovyote vile, msijitetee. Nilianzia nyumbani. Mama aliitazama video yote kwa makini, akafunga simu, akasema nimekonda. Wanafunzi wenzangu walisema ni kali sana, kwa sauti ileile ambayo mimi pia nilizisifia za kwao.

Hapo ndipo nilipoamua kuwafuata watazamaji wa kweli. Ikiwa video inahusu mvuvi, nilijiambia, basi wahukumu wavuvi wenyewe. Nikamwomba mwenye banda la video kule Kibirizi aniachie saa moja kabla ya mpira, nikabandika tangazo, nikachapa nakala 30 za hojaji ambayo swali lake la kwanza lilikuwa: "Je, hadithi ya mapenzi katika video hii imekugusa sana, sana kiasi, au kiasi?" Mwalimu alikuwa amesema tusimwelekeze mtazamaji. Mimi nilikuwa nimemshika mkono kabisa na kumfikisha mlangoni.

Watu walikuja. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wanaume wazima wenye mikono iliyokomazwa na kamba, wake zao, wazee na watoto, mpaka mabenchi yakajaa na wengine wakasimama mlangoni. Mpiga picha alistaajabu, akaniuliza ilikuwaje wavuvi wote hawa wakawa na nafasi jioni ile. Nilimjibu, na kwa maneno haya haya, kwamba sanaa nzuri hujitangaza yenyewe. Nje mwezi ulikuwa umechomoza mzima.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kwenye utangulizi nilikuwa nimepenyeza picha ya MV Liemba, na mzee mmoja wa benchi la mbele aliinua mkono akataka kujua kwa nini meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, imepewa sekunde tatu, ilhali mimi nimepewa dakika nne. Niliandika: Liemba iongezwe. Kisha mtoto wa kama miaka tisa akauliza mbona naimba kama zile filamu za kutafsiriwa. Banda lilicheka, nami nikacheka, kwa kuwa bado nilikuwa nafikiri jioni ile ni yangu.

Mtoto alikuwa na haki, na jambo lenyewe linafaa kuelezwa. Tulipokuwa Katonga, spika na kamera vilikuwa ufukweni, mimi nilikuwa kwenye mtumbwi umbali wa kama mita 50. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo ulinifikia ukiwa umechelewa kwa sehemu ya saba ya sekunde hivi, nami nikaufuata kwa uaminifu huku tayari nimechelewa. Kwenye uhariri tuliilinganisha sauti iliyonaswa na kamera, iliyokuwa pembeni mwa spika, na ule wimbo wa studio. Vikakaa sawasawa, isipokuwa mdomo wangu, uliobaki nyuma kwa fremu karibu nne. Darasa zima lilikuwa limeitazama video hiyo na hakuna aliyesema.

Sasa tufike pale mnapopasubiri. Video iliisha, taa ikawashwa, nikasimama mbele ya shuka jeupe tulilolitumia kama pazia, nikiwa na kalamu na daftari, nikauliza kwa sauti ya mtu anayetarajia kupongezwa: "Ni jambo gani limewagusa zaidi katika mapenzi ya vijana hawa?"

Kimya kidogo. Kisha bibi mmoja aliyeketi benchi la pili, kanga moja begani na nyingine kiunoni, akajikohoza. Alikuwa bibi wa umri ambao watu hunyamaza wakisikia kikohozi chake.

"Mjukuu wangu," alisema kwa upole ambao hadi sasa ninausikia, "huyu binti ana wazazi?"

Nilisema wapo, ingawa kwenye hadithi hatukuwaonyesha.

"Basi wamwambie mapema. Huyu kijana ana mwanamke mwingine."

Nilidhani amechanganya video yangu na tamthilia ya jana yake. Nikatabasamu, nikamwinamia, nikamweleza kwa heshima kwamba hapana, bibi, kijana anakwenda ziwani kuvua dagaa kwa ajili ya mahari.

"Usiku wa mbalamwezi?" aliuliza.

Ninawaomba mnitazame pale nilipo. Masharti ya mwalimu yako mkononi mwangu, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino mwekundu: msijitetee. Nikafungua mdomo nikajitetea. Nilisema, mbele ya watu wasiopungua 40 ambao wengi wao wamelelewa na kusomeshwa na dagaa, kwamba mvuvi mwenye bidii huenda ziwani kila usiku.

Bibi hakubishana nami. Aliwageukia wenziwe akaanza kuhesabu kwa vidole, kama mtu anayetoa ushahidi barazani. Mosi, usiku wa mwezi. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka juu ya ziwa zima, taa ya mvuvi inakuwa kibatari kilichowashwa mchana. Dagaa hutawanyika, hawakusanyiki popote. Pili, mtumbwi mmoja, kijana peke yake, hana taa, hana wavu. Tatu, karudi alfajiri na shati kavu lenye mikunjo ya pasi. (Mama alilipiga pasi. Sikulisema hilo.) Nne, na hapa alisimama, ndipo kanga ilipopunga hewani: "Karudi na dagaa wakavu! Jamani, dagaa wamekaukia majini?"

Banda lilipasuka. Sijui niwaelezeje kicheko kile. Kulikuwa na baba mmoja aliyelala kabisa juu ya benchi. Kulikuwa na mama aliyekuwa akimpigapiga jirani yake mgongoni huku akirudia "wakavu, wakavu" kama kiitikio, na ninakiri kwamba kilikuwa na mdundo mzuri kuliko kiitikio chetu. Mimi nilisimama, mwanga wa projekta usoni, kivuli changu kikubwa nyuma yangu kwenye shuka. Nilitamani ziwa lije linichukue. Lina kina cha zaidi ya mita 1,400, nafasi ilikuwepo.

Kicheko kilipopungua, mzee wa Liemba aliinua mkono tena. Nilimpa nafasi nikitumaini anarudi kwenye habari za meli.

"Mwanangu," alisema, "sisi hapa kazi yetu ni ya usiku. Unadhani kwa nini leo sote tumepata nafasi ya kuja kukutazama?"

Mlango wa banda ulikuwa wazi nyuma yao. Nilitazama nje, na wote wakageuka kunifuata macho. Mwezi ulikuwa pale, mviringo, mweupe, haukupungua hata ukingo mmoja, na chini ya mwanga wake mitumbwi ya Kibirizi yote imepangwa mchangani.

Mtu mwenye busara angeketi. Mimi, kwa sababu ambazo sijazielewa hadi leo, nilitafuta shahidi. "Ina maana," nilisema, na sauti ilikuwa imeshaanza kupanda kama ya kijana anayebalehe, "hakuna hata mmoja wenu hapa ambaye amewahi kuaga nyumbani usiku wa mbalamwezi akaenda ziwani?"

Kutoka kona ya nyuma, kijana mmoja mwenye huruma, ambaye kwa hakika alichotaka ni kuniokoa tu, aliinua mkono wake juu kabisa.

"Mimi nimewahi, kaka."

Nilikaribia kumkumbatia. Lakini pembeni mwake palikuwa na mwanamke aliyekuwa ameshika mtoto usingizini, na mwanamke huyo alimgeukia polepole sana, akauliza neno moja tu, bila hata kuinua sauti.

"Lini?"

Banda ambalo dakika moja iliyopita lilikuwa linavunjika kwa kicheko lilinyamaza hata nikasikia feni ya projekta. Mkono wa yule kijana ulibaki juu kidogo, kama umesahauliwa pale, kisha ukashuka. Hakuna aliyemtazama. Wote walinitazama mimi.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi, kwa sababu hayana raha. Mwenye banda alitangaza kwamba muda wa mpira umefika. Nilikusanya hojaji 19. Zilizobaki ziligeuzwa vifuko vya karanga. Kati ya hizo 19, 16 zilitiwa alama kwenye "sana", ushahidi kwamba hojaji yangu ilikuwa haina kazi, na moja ilikuwa imeandikwa chini kwa herufi kubwa: SHATI.

Usiku huo sikulala. Nilisikiliza rekodi ya maoni mara tatu, nikazima mara mbili nilipofika kwenye "wakavu", na kufikia alfajiri nilikuwa nimekubali kwamba bibi ameitazama video yangu kwa umakini kuliko mimi niliyeitengeneza. Kupiga picha upya usiku wa giza hatuwezi, kamera haioni. Basi tumeacha mwezi, mtumbwi, shati na ndoo kama vilivyo, tumebadilisha binti. Jana tulimrudia kwa picha moja ya karibu: anachovya mkono kwenye ndoo, anamvunja dagaa mmoja, anausikia mlio, anainua macho kuutazama mwezi unaozama. Wimbo haujabadilika hata neno, lakini kila ahadi ya yule kijana sasa ni uongo, na kila mtu anajua isipokuwa yeye. Mtunzi wa wimbo alininunia mchana kutwa, kisha akaomba aonyeshwe tena. Midomo tumeisogeza mbele fremu nne. Liemba imepata sekunde 11. Tunakabidhi Ijumaa.

Mchanga tuliouhitaji kwa ile picha ya karibu ni wa Kibirizi, kwa hiyo sikuwa na njia ya kukwepa kupita pale. Bibi aliniita kutoka barazani kwake, akanipa mhogo wa kuchoma, akaniagiza nimwekee kiti cha mbele. Hatua chache kutoka hapo nilimwona yule kijana wa kona, ameketi peke yake nje ya nyumba ya dada yake, godoro limekunjwa pembeni, anashona kwa bidii kubwa wavu ambao, kwa macho yangu, haukuwa na tundu hata moja. Nilimsalimia. Hakuitikia.