Andikeni majina mawili kwenye hati ya shamba

Kwa maandishi, sheria yetu ya ardhi hapa Tanzania inamlinda mwanamke vizuri. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina wajumbe saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Hata hivyo, ukifungua rejista ya masjala ya ardhi katika kijiji ambacho zoezi la hatimiliki za kimila, yaani hati za mashamba ya kijiji, limefanyika haraka haraka, bado ni kawaida kukuta shamba la mume na mke limeandikwa jina la mume peke yake. Sera nzima ya jinsia inapotelea kwenye mstari huo mmoja wa fomu, na hapo ndipo ningependa nguvu zetu ziende, kabla ya semina nyingine ya uhamasishaji.

Hatua za kupata hati zinajulikana. Kijiji kinahitaji cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, na masjala yenye kabati la kufungwa kwa ufunguo. Kisha wenye mashamba na majirani wa kila upande wanatembea mipakani, mpimaji anachukua pointi kwa GPS, na majirani wanatia saini. Maombi yanakwenda halmashauri ya kijiji, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyaamua. Mwishoni hati inasainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha afisa ardhi wa wilaya anasaini, anagonga muhuri na kusajili.

Jina la mke hupotea siku ya kutembea mipakani. Anayejaza fomu anauliza, "Mwenye shamba ni nani?" Mume anajitaja, mke ananyamaza au hayupo kabisa, na fomu inasonga mbele. Hakuna aliyedanganya, ni swali ndilo baya. Swali linalofaa ni hili: "Ni nani wote wanaoishi kwa shamba hili, na mmoja wenu akifariki au mkiachana, nani atabaki nalo?" Liulizwe wakiwa wote wawili, na asiyekuwepo asubiriwe au fomu iachwe wazi mpaka arudi. Ratiba nayo ina uzito wake. Ukipima asubuhi, au siku ya gulio, au siku ya kliniki ya watoto, umeshachagua nani asiwepo. Saa nane mchana kuendelea unawapata wengi zaidi. Kabla ya hapo kiitishwe kikao cha wanawake peke yao, ili wanayoogopa kuyasema kwenye mkutano mkuu yapate pa kusemwa.

Halafu kuna aina ya umiliki, jambo ambalo hata baadhi ya watendaji hulipitia juu juu. Majina mawili yanaweza kuandikwa kwa namna mbili. Kwenye umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifariki shamba lote linabaki kwa aliye hai, haliingii kwenye mirathi. Kwenye umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Kwa mume na mke mmoja, ninapendekeza ule wa kwanza bila kusita. Sababu ni Tangazo la Sheria za Mila la 1963, ambalo bado linatumika: kwa jamii zinazofuata upande wa baba, linamweka binti daraja la mwisho katika urithi, na mjane linamwachia matunzo ya watoto wake badala ya fungu lake mwenyewe. Wajane wawili walilipinga mahakamani wakashindwa mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao. Mabadiliko ya sheria yanachelewa. Jina kwenye hati linaweza kuandikwa wiki hii.

Ndoa za wake wengi zina utaratibu wake. Usiwaweke wake watatu na mume kwenye kipande kimoja. Kila mke aandikwe na kipande anachokilima, peke yake au pamoja na mume, la sivyo kesi ya mpaka itahamia ndani ya hati. Na shamba la marehemu likiandikwa kwa jina la msimamizi wa mirathi, mara nyingi shemeji, hati itaje kwamba ni msimamizi tu, na orodha ya warithi iambatanishwe. Bila orodha hiyo, miaka mitano baadaye msimamizi anageuka mmiliki.

Kosa jingine ni kudai cheti cha ndoa. Rwanda ilisajili ardhi ya nchi nzima kati ya 2009 na 2013, kazi kubwa mno, lakini wanawake walioishi na waume bila ndoa ya serikali walibaki pembeni kwa sababu sheria ya Rwanda ya 1999 iliwatambua waliofunga ndoa rasmi tu. Sisi hatuna haja ya kurudia hilo. Watu wawili wanaweza kuomba pamoja hata bila cheti.

Upinzani mkubwa unatoka kwenye ardhi ya ukoo, na hofu hiyo naielewa: mwanamume aliyerithi kwa baba yake anaogopa kuliona shamba likienda kwa ukoo mwingine. Ila hoja hiyo ina pande mbili. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, kumwandika "mkuu wa kaya" mwanamume kunauondoa upande wa mke kwenye ardhi yake yenyewe. Kwa hiyo chanzo cha ardhi kiulizwe kwanza: imerithiwa kwa nani, au imenunuliwa na kusafishwa na wote wawili? Iliyopatikana ndani ya ndoa iandikwe majina mawili moja kwa moja, na anayetaka jina moja ndiye aeleze sababu mbele ya kamati ya kijiji ya uhakiki wa mashamba.

Gharama nayo inaweza kusaidia. Jaribio lililofanyika kwenye makazi yasiyopimwa ya Kinondoni, Dar es Salaam, lilitoa punguzo la bei ya hati kwa sharti kwamba mwanamke aandikwe. Punguzo dogo tu lilitosha kuwaingiza wanawake karibu sawa na wanaume, na sharti hilo halikuwakimbiza wateja. Halmashauri za wilaya zinaweza kufanya vivyo hivyo: hati ya majina mawili ilipiwe ada ndogo kuliko ya jina moja.

Kabla fomu hazijapelekwa wilayani, majina yalinganishwe na vitambulisho vya taifa (NIDA) herufi kwa herufi, picha za wote wawili zibandikwe, na orodha nzima isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, kipande kwa kipande. Mwanamke ambaye jina lake halikusomwa apewe nafasi ya kusimama pale pale, na pingamizi lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.