Aliye juu, nani anamngoja chini?

Mwenye kampuni ndogo ya kukata na kuhudumia miti hakawii kukutana na swali hili: aajiri kikosi cha kudumu, au aweke namba za wapandaji kumi kwenye simu na kumwita anayepatikana siku hiyo? Mhasibu atalijibu kabla chai haijapoa. Mshahara wa mwezi hauulizi kama kazi ilikuwepo, ilhali kibarua humlipi siku ambayo hukumwita. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo imepigwa mezani, na kazi yenyewe inafanyika mita 15 juu ya ardhi, mtu akining'inia kwenye kamba huku msumeno wa mnyororo ukinguruma karibu na kamba hiyohiyo.

Chukua kazi moja tu, ya kushusha shina vipande vipande. Mti umebanwa kati ya nyumba na ukuta, hakuna pa kuuangusha mzima. Mpandaji ameshamaliza matawi, sasa amejifunga kwenye shina tupu. Chini kidogo ya pale atakapokata ametundika kapi. Kamba inatoka kwenye kipande kitakachokatwa, inapita kwenye kapi, inashuka hadi chini na kuzungushwa shinani mara mbili tatu ili msuguano usaidie kuzuia uzito. Mwisho wake umo mikononi mwa mtu wa kamba. Kipande cha mti mbichi chenye urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 50 kina uzito wa kilo 180 hadi 200 hivi. Kikikatika kinapinduka na kuanguka kabla kamba haijakaza. Mtu wa kamba akiidaka ghafla, kapi linapigwa na nguvu kubwa mara kadhaa kuliko uzito wa kipande, kwa sababu kamba inalivuta kwa pande zote mbili, na shina linayumba na mtu wake. Akiiacha kamba itembee kidogo, kisha akaibana polepole, kipande kinatua taratibu na aliye juu anaendelea na kazi kama vile hakuna kilichotokea. Tofauti kati ya hayo mawili haifiki sekunde mbili.

Na sekunde hizo hazimo kwenye cheti chochote. Mtu wa kamba huzijua kwa kumjua mpandaji wake: anavyokata, anavyonyamaza kabla ya kipande kizito, anavyopenda kubakiziwa nafasi gani. Wenye kuajiri humtafuta mpandaji kwa tochi, halafu kamba wanampa yeyote aliyekuja mapema. Wahenga waliposema aliye juu mngoje chini hawakuwa wakiwaza habari za makapi, lakini ukiwaelewa neno kwa neno wamegusa penyewe. Suala la kikosi cha kudumu au vibarua kwa sehemu kubwa ni suala la nani anamngoja chini.

Hata hivyo upande wa vibarua una hoja nzito kuliko watetezi wa ajira za kudumu wanavyokubali. Kazi ya miti haiji sawasawa. Dhoruba ya usiku mmoja inaleta simu za mwezi mzima, kisha zinakatika. Ndege wanapotaga, sehemu nyingi huwezi kugusa viota vyao, na kazi za kupogoa zinasogezwa mbele. Kuna pia wimbi la magonjwa. Kuvu linaloua miti ya ash, aina ya mti mkubwa wa huko, barani Ulaya lilianza kuonekana Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, likathibitishwa Uingereza mwaka 2012, na tangu hapo mafundi wa huko wameondoa mti mmoja baada ya mwingine kandokando ya barabara. Kazi ya namna hiyo ni nyingi sana, lakini mti uliokwisha kuondolewa hauondolewi tena. Aliyeajiri watu ishirini kwa sababu ya gonjwa atawalipa nini gonjwa likishamaliza miti?

Wapandaji wenyewe, tena wazuri, wengi hawataki ajira. Mpandaji wa kujitegemea hulipwa zaidi kwa siku, huchagua kazi, na ana kamba na msumeno wake anaouamini. Akifanya kazi na vikosi vinane kwa mwaka anaona namna nane za kufunga kapi, na anayabeba mazuri kutoka kikosi kimoja hadi kingine kama nyuki. Kikosi cha kudumu kina ugonjwa wake pia, nao ni mazoea. Watu waliokaa pamoja miaka sita wanaacha kukagua. Kamba iliyochakaa mahali pamoja wanaiona kila siku mpaka hawaioni tena, mgeni akiishika asubuhi ya kwanza ndiye anayeuliza, "Hii nayo bado mnaitumia?" Nimeona hoja hii ikipuuzwa mara nyingi, na sidhani inastahili kupuuzwa.

Kifaa cha mgeni nacho kina maswali yake. Uingereza, kanuni za mwaka 1998 za vifaa vya kuinulia zinataka vifaa vinavyombeba mtu vikaguliwe kikamilifu na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6. Kwenye kikosi cha kudumu, karatasi ya ukaguzi iko ofisini. Kwa anayekuja na mfuko wake mgongoni, karatasi iko wapi? Ukiuliza, wengine wanakasirika. Uliza tu.

Sheria nayo haijali mmepatana kuitana nini. California, sheria iliyoanza kutumika Januari 2020 inamhesabu mfanyakazi kuwa mwajiriwa mpaka anayemlipa athibitishe mambo matatu: kwamba hamwongozi katika kazi yake, kwamba kazi hiyo iko nje ya shughuli za kawaida za biashara yake, na kwamba huyo mtu ana biashara yake mwenyewe ya aina hiyo. Jaribu kupitisha mpandaji kwenye sharti la pili. Kampuni ya kukata miti itasemaje kupanda mti ni kazi ya nje ya biashara yake? Kuna milango ya kutokea humo kwa wafanyabiashara wawili wanaoandikiana mkataba, ila kibarua anayekuja kila siku saa ileile, anayetumia msumeno wako na kufuata amri yako, hata pasipo sheria ya California ni mwajiriwa aliyenyimwa likizo.

Mwili wa mpandaji ndio jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Mabega, viwiko na magoti yanaanza kulalamika mapema, msumeno unatoa kelele za desibeli 100 na zaidi karibu na sikio, na mtetemo wake ukizidi kwa miaka unaharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Ni wachache wanaopanda kila siku hadi uzeeni. Katika kikosi cha kudumu kuna pa kwenda: anashuka anakuwa mtu wa kamba, msimamizi, mkaguzi wa miti, mwalimu wa wadogo. Anayejitegemea anashuka kwenda nyumbani. Ile pesa ya ziada anayopokea kwa siku ilikuwa ndani yake bima, matibabu na akiba ya uzee, na vijana wa miaka 25 hawaitumii hivyo. Sisemi wanakosea, hata mimi nisingeitumia hivyo.

Halafu kuna suala la kukataa. Mti uliooza kiini, wenye uyoga shinani na gome linaloachia, haufai kupandwa. Unashughulikiwa kutoka kwenye kikapu cha mashine au unaachwa mpaka ipatikane njia nyingine. Nani ana ujasiri wa kumwambia bosi hapana? Watu husema aliyeajiriwa, kwa kuwa ana mkataba. Wengine husema anayejitegemea, kwa kuwa kesho ana kazi kwingine. Ukweli hauko hivyo. Aliyeajiriwa anaogopa kuitwa mvivu na wenzake. Kibarua anaogopa kutopigiwa tena, na kutopigiwa hakuna barua wala sababu, simu inanyamaza tu. Mpandaji hodari mwenye jina hukataa akiwa upande wowote. Mpandaji mchanga hakatai akiwa upande wowote. Kwa hiyo hoja hii, inayotumiwa sana na pande zote, naona haisaidii upande wowote.

Kinachonielemea zaidi ni uokoaji. Mpandaji akijikata mkono juu ya mti au akipigwa na tawi akazimia, kikosi cha zimamoto kinaweza kuchelewa au kufika bila ngazi inayotosha. Mtu aliyening'inia kwenye mkanda bila kujitikisa damu inakusanyika miguuni, na dakika ni chache. Ndiyo maana kazi ya kupanda haifanywi na mtu peke yake: chini lazima awepo mwingine aliyefundishwa, mwenye vifaa vyake vya kupandia vimeshaandaliwa, anayeweza kumfuata na kumshusha. Hapo hesabu ya mhasibu inakutana na jambo isilolijua. Vibarua wawili waliokutana asubuhi kwenye gari, kila mmoja na fundo lake na kifaa chake cha kushukia, mmoja hajui mkanda wa mwenzake unafunguliwa upande gani. Wote wana vyeti. Mwenye kampuni akiulizwa atasema ana mwokoaji, naye hajadanganya.

Ndiyo maana nasimama upande wa ajira, ila si kwa kikosi chote. Wale wawili walioshikana kwa kamba, mpandaji na anayemngoja chini, wasiwe wageni kwa kila mmoja. Hao uwaajiri. Wa kuburuta matawi, wa kulisha mashine ya kusaga matawi, mpandaji wa pili siku ya mti mkubwa, hao waite unapowahitaji, na ukiweza waite walewale, maana kibarua anayekuja mara ishirini kwa mwaka si mgeni tena. Kampuni kubwa zina njia nyingine. Davey Tree ya Marekani, iliyoanza mwaka 1880, ilinunuliwa na wafanyakazi wake mwaka 1979 na bado ni yao. Anayejua sehemu ya kampuni ni yake ana sababu ya kukaa hata magoti yakichoka. Lakini huwezi kumwambia mwenye gari moja na misumeno minne auze hisa.

Siku za upepo ndizo zinazoonyesha kampuni inaamini nini hasa. Upepo ukizidi hakuna kupanda. Mwajiriwa atakuja kunoa minyororo, kuosha kamba na kukagua vifaa, atalipwa. Kibarua aliyekwisha kukataa kazi nyingine kwa ajili yako anarudi nyumbani na nauli ameshalipa. Wapo wanaomlipa nusu siku. Ni wachache, nao huwasikii wakilalamika kwamba wapandaji hawapatikani.

Kwa mgeni, usimjaribu kwa kumpandisha. Mpe msumeno butu na tupa, umtazame anavyonoa, kisha mpe kamba ndefu iliyojisokota, uone anavyoipanga. Halafu, kabla injini haijawashwa, mpandishe mita tatu tu, mwambie alegee kama aliyezimia, na umwambie mtu wako wa chini amfuate amshushe. Akishindwa kumshusha, mgeni siku hiyo asipande. Apewe reki, abaki chini na wengine, na jioni alipwe siku nzima.