Kucheki majibu ya syscall (ombi la programu kwa kerneli) kwenye C: kila mahali, au pale panapouma tu?

Chukua ile programu ya kwanza kabisa ya kujifunzia C, printf moja ya kusalimia dunia, ikompaili halafu kwenye Linux iendeshe hivi: ./salamu > /dev/full. Hilo ni faili la kifaa ambalo ukiliandikia linakujibu kila mara kuwa nafasi imeisha. Sasa piga echo $? uone programu imetoka na kodi gani, inatoka 0. Yaani hakuna hata herufi moja iliyofika na programu inadai mambo safi, kwa sababu printf iliweka maneno kwenye bafa tu (hifadhi ya muda kwenye memori), kuandika kwenyewe kukafanyika programu inapofunga, ENOSPC (kosa la nafasi kuisha) ikarudi ikakuta hakuna wa kuipokea.

Wale wa "cheki kila kitu" wanaanzia hapo na wana hoja nzito. Kesi yao kubwa ni Android, 2010. adbd (prosesi ya simu inayopokea amri kutoka kompyuta) ilikuwa inaanza kama root, yuza mwenye ruhusa zote, halafu inajishusha kuwa yuza wa kawaida kwa setuid(), ila haikuangalia setuid imejibu nini. Basi mtu anajaza prosesi za yule yuza mpaka limiti ya idadi ya prosesi, RLIMIT_NPROC, ifike, setuid inarudisha -1, adbd inaendelea na kazi zake ikiwa bado root. If moja tu ingezuia. Kerneli ya Linux 3.1 ya 2011 ikaja kuhamishia ukaguzi wa limiti hiyo kwenye execve (syscall ya kuanzisha programu mpya), ila usijipe moyo, setuid ina sababu nyingine za kufeli.

Upande wa pili nao hawasemi tu kwa uvivu. Wanasema ukicheki kila kitu kazi yenyewe inapotea katikati ya msitu wa if na goto, na yale matawi ya makosa hakuna anayeyatesti kwa hiyo ndo bagi zinajificha humo. Chukua close(). Kwenye Linux ikirudisha EINTR (imekatizwa na signali) na wewe kwa nidhamu yako ukairudia, ile fd (namba ya faili lililofunguliwa) ilishaachiwa, thredi nyingine inaweza kuwa imeshapewa namba ileile, unamfungia mwenzio faili lake. Halafu kuna databesi ya PostgreSQL, hawa walikuwa wanacheki fsync (syscall ya kulazimisha data ifike diski) vizuri kabisa, ikifeli wanajaribu tena. 2018 ndo ikaja kuonekana kwamba Linux ikisharipoti kosa la kuandika inaweza kuzihesabu peji zile za memori kuwa safi, yaani zimeshaandikwa, fsync ya pili inarudisha 0 na data haiko kwenye diski. Dawa yao ikawa kuangusha databesi makusudi kwa PANIC, ikiinuka ijijenge upya kutoka kwenye WAL (logi ya mabadiliko inayoandikwa kwanza).

Kwa hiyo mi naona ubishi umekaa pabaya. Kucheki ni nusu, swali ni ukipata -1 unafanya nini, na kama huna jibu la maana basi toka kwa kelele. write() na setuid() hazina mjadala, close() ya faili ulilosoma tu inaweza kupita. Kompaila haiwezi kukuamulia hilo: GCC inaweza kulalamika ukipuuza jibu la write, hata ukiweka (void) bado inalalamika, watu wanaishia kuweka if tupu isiyofanya kitu ili inyamaze.

Ekstensheni za laibrari zinasaidia kupunguza msitu. err() ya BSD, ipo pia kwenye glibc na musl (laibrari za C za Linux), inaandika jina la programu na sababu ya kosa halafu inatoka, mstari mmoja. Ila usiitie ndani ya laibrari, utaiua programu ya mtu. Na strerror_r, ya kugeuza namba ya kosa kuwa maneno, ndo balaa: ya POSIX (kiwango cha Unix) inarudisha int, 0 ikifanikiwa, ya GNU inarudisha char * na huenda bafa yako isiguse kabisa. Aliyeandika if (strerror_r(...) != 0) kwa kufuata POSIX, akaweka _GNU_SOURCE (swichi ya kufungua ekstensheni za GNU) sababu alitaka asprintf, sasa anaona kosa kila mara hata pale ambapo hakuna, na kompaila haimpi hata onyo, kwa sababu kulinganisha pointa na 0 ni halali kwenye C.